Kompyuta ya dukani imekuwa nzito: ile programu ya kuipa kasi inasaidia?



Nawaomba radhi waliokuwa wakisubiri sehemu ya pili ya ukungu wa tungule. Itakuja. Lakini tokea mwezi uliopita watu watatu wameniuliza swali moja lisilohusu shamba, na wa mwisho alinisimamisha njiani natoka msikitini: "Bwana shamba, kompyuta yangu imekuwa nzito. Niinunulie ile programu inayotangazwa ya kuipa kasi, au nisinunue?" Nilimjibu juu juu nikapita. Swali lile linanirudisha kwenye kosa langu mwenyewe, na ni bora nilieleze hapa mara moja kuliko kumkimbia kila anayeuliza.

Mwaka juzi nilimshauri mtu ainunue.

Mtu mwenyewe ni mama mmoja wa hapa Makunduchi anayenunua mwani mkavu kwa kina mama wenzake na kuupeleka mjini. Umri wake ni wa mama yangu, namwita Bi mkubwa, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Ana laptopu iliyokuja na mitumba ya Dubai, aliinunua Darajani, yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 500 ya aina ile inayozunguka. Hesabu zake zote zimo mle kwenye Excel: jina la mkulima, kilo alizoleta, pesa alizochukua mapema, kamba na taitai alizokopeshwa.

Mnajua kazi ya mwani inavyokwenda. Bamvua likiingia kina mama wanashuka pwani kuvuna, wanaanika, na ukikauka wanakuja na magunia karibu wote siku moja. Siku hiyo ndiyo kompyuta ya Bi mkubwa ilikuwa inamdhalilisha. Anaiwasha, anakwenda kutia chai, anarudi, kile kiduara bado kinazunguka. Watu wamesimama juani, gari ya mzigo inapiga honi, na yeye anasema "subirini kidogo" mpaka neno lenyewe linaisha maana.

Siku moja nikiwa pale, kidirisha kilijitokeza pembeni ya skrini: kompyuta yako ina matatizo zaidi ya elfu moja, bofya hapa uyarekebishe. Rangi nyekundu, namba zinapanda mbele ya macho. Bi mkubwa akanigeukia: "Hii kweli, bwana shamba?" Nikamwambia naona ni kweli, mashine ya zamani haikosi uchafu. Sikuwa na ushahidi wowote, niliona namba tu. Mjukuu wake akalipa kwa kadi ya kwenye simu, kama shilingi 75,000 kwa mwaka mmoja, na aliyebofya "safisha vyote" ni mimi.

Programu ikahangaika robo saa, ikatangaza kwamba mashine sasa ina afya njema. Tukaizima, tukaiwasha, tukaiona imekuwa nyepesi. Tukafurahi. Kisha Bi mkubwa akaenda kufungua daftari lake la Excel. Halipo.

Ilivyokuwa ni hivi. Faili lile mara ya kwanza aliletewa kwa WhatsApp na kijana wa mnunuzi wa mjini, likaingia kwenye folda iliyoandikwa Downloads, na tokea siku hiyo akawa analifungua na kulihifadhi humo humo. Wengi wenu mnafanya vivyo hivyo, najua. Ile programu iliihesabu folda hiyo kuwa takataka. Palikuwa na alama ya tiki ambayo ningeweza kuiondoa, lakini niliipita bila kusoma. Na haikuyapeleka mafaili kwenye kile kipipa cha kwenye skrini ambacho unaweza kuyarudisha. Iliyafuta moja kwa moja. Ikafuta pia maneno ya siri yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye brauza, akashindwa kuingia hata kwenye barua pepe yake.

Usiku tatu tulikaa barazani kwake kuandika upya kutoka kwenye daftari la karatasi, ambalo alikuwa akiliandika siku umeme ukikatika tu, kwa hivyo lilikuwa na mapengo. Kina mama wawili hesabu zao hazikukubaliana na zetu. Mmoja alidai kilo 40 zaidi na hatukuwa na cha kumkatalia. Bi mkubwa akamlipa. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, shamba langu ungelipulizia dawa kabla hujaligeuza jani?"

Nilistahiki zaidi ya hayo. Mkulima akiniletea jani la manjano simpi mfuko wa mbolea hapo hapo. Nang'oa mche, natazama mzizi, namuuliza alimwagia lini. Kwa kompyuta sikufanya hata moja. Nikaamua kuanza upya, na safari hii nifanye kama tunavyofanya kwenye shamba la majaribio.

Nilichukua saa ya simu. Nilipima muda kutoka kubonyeza kitufe cha kuwasha mpaka daftari la Excel likubali kuandikwa, asubuhi tatu mbalimbali, kwa sababu mara moja haitoshi. Laptopu yangu, ambayo ni ya rika moja na yake na haikuwahi kuwekewa programu ile, nikaifanya kitalu cha kulinganishia. Kabla ya kuiweka ile programu sikuwa nimepima chochote, na hilo nalo ni kosa: bila kipimo cha kabla, kila dawa itaonekana imetibu. Wepesi tuliouona siku ile inawezekana ulikuwa ni furaha ya shilingi 75,000.

Ya Bi mkubwa, ikiwa na programu ya kuipa kasi, ilichukua karibu dakika tano na sekunde 50. Yangu ilichukua dakika tano na nusu. Nikaiondoa ile programu kwenye mashine yake nikapima tena: dakika tano na sekunde 20. Yaani kuiondoa dawa kulisaidia kuliko kuiweka. Sababu ilikuwa wazi nilipotazama: programu ile yenyewe ilikuwa inajiwasha kila kompyuta inapowashwa, inajikagua, inaita intaneti kutafuta sasisho, huku daftari la mwani linasubiri zamu.

Nilitazamaje? Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloitwa Task Manager, limo ndani ya Windows na halina malipo. Pale utaona safu za asilimia: prosesa, memori, diski. Kwenye mashine ya Bi mkubwa prosesa ilikuwa imekaa kitako, haina kazi kubwa. Diski ilikuwa imefika asilimia 100 na ikakaa hapo dakika kwa dakika. Mzizi wenyewe ulikuwa pale.

Nitaueleza kwa duka. RAM ni meza yako ya kupimia. Diski ni ghala. Kila unachofanyia kazi lazima kwanza kitoke ghalani kiwekwe mezani. Meza ikiwa ndogo, unarudisha kitu kimoja ghalani ili upate nafasi ya kingine, na kutwa nzima ni kwenda na kurudi. Diski inayozunguka ni ghala lililo mbali: ndani yake kuna sahani inayozunguka na kijimkono kinachotafuta mahali pa kusoma, na kila kutafuta kuna muda wake. Kompyuta inapowaka inahitaji maelfu ya vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika. Ukiona kiduara kinazunguka, jua kijimkono kile kinakimbizana.

Sasa tizameni zile programu zinagusa nini katika hayo.

Jambo wanalojisifia zaidi ni kusafisha rejista. Rejista ya Windows ni kama daftari la sheha, limeandikwa mambo mengi sana ya mashine na ya kila programu iliyowahi kuwekwa. Ni kweli limo na majina ya waliohama. Lakini sheha akikata majina mia mbili kwenye daftari la maelfu kwa maelfu, wewe hutaitwa mapema zaidi. Na akikata jina lisilopasa kukatwa, mtu anakosa haki yake. Ndiyo maana programu nyengine hugoma kufunguka baada ya usafi huo. Microsoft wenyewe, wenye Windows, wameandika kwamba hawaungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista.

Kufuta mafaili ya muda kunarudisha nafasi kwenye diski, hilo sikatai. Ila diski yenye nafasi nusu tupu haiendi haraka kwa kuongezewa nafasi nyengine. Ghala likiwa limejaa mpaka mlangoni ndipo kulifagia kunasaidia. Tena humo kwenye kufagia wanafuta na akiba ya brauza, yaani zile picha na kurasa ambazo kompyuta ilikwisha kuzipakua ikaziweka karibu. Ukizifuta, kesho inazipakua upya. Tunaonunua bando la wiki tunajua maana yake: umelipia kuisafisha kompyuta, kisha unalipia tena bando kuirudishia kilichosafishwa.

Kuna zile zenye kitufe cha "kufungua memori". Zinachofanya ni kusukuma vitu kutoka mezani kwenda ghalani ili namba ya nafasi ionekane kubwa. Namba inapendeza, na ukirudi kwenye kazi yako vyote vinabidi vitolewe ghalani upya.

Na kupanga upya diski inayozunguka, kazi yenye faida ya kweli, Windows inaifanya yenyewe kwa ratiba tokea zamani, tokea Vista. Hapana haja ya kumlipa mtu.

Kimoja tu kati ya vyote kinaleta nafuu inayopimika: kuzuia programu zinazojiwasha zenyewe. Hicho nacho kimo kwenye Task Manager ile ile tokea Windows 8 ya mwaka 2012, sehemu iliyoandikwa Startup. Kwa Bi mkubwa nilikuta programu kumi na moja, pamoja na ya printa aliyokwisha kuiuza na tatu za michezo ya mjukuu. Nikazizima tisa. Sikuzifuta, nimezizima tu zisijiwashe, na akizitaka anazifungua kwa mkono. Muda ukashuka kutoka dakika tano na sekunde 20 mpaka tatu na sekunde 40. Bila senti moja.

Biashara hii ya kuuza kasi si ya jana. Mwaka 1995 kampuni moja ya California, Syncronys, iliuza programu iliyoitwa SoftRAM95. Ahadi yake ilikuwa kwamba itaiongeza RAM mara mbili bila kununua RAM. Watu walinunua nakala zaidi ya 600,000. Wataalamu walipoifungua ndani wakakuta haifanyi ilichoahidi, ilikuwa inabadilisha namba zinazoonekana kwenye skrini tu, na mwaka 1996 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaibana. Nikiisoma habari ile naukumbuka mfuko wa mbolea ulioandikwa vizuri nje, ndani umechanganywa mchanga.

Mwaka 2019 tume hiyo hiyo ilimaliza kesi na maduka ya Office Depot na kampuni ya Support.com, wakakubali kulipa dola milioni 35. Maduka yalikuwa yanawafanyia wateja "uchunguzi wa afya" wa kompyuta bure. Mwanzoni mteja anaulizwa maswali manne, moja likiwa kama kompyuta yake imekuwa nzito. Akikubali hata moja tu, programu itasema imekuta dalili za virusi, hata kama uchunguzi wenyewe haukukuta kitu. Kisha anauziwa matengenezo. Na mwaka 2024 kampuni mbili zaidi, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 kwa kuwatisha watu hivyo hivyo kwa matatizo ambayo hayakuwepo. Nilipoyasoma hayo nikakumbuka lile dirisha jekundu la Bi mkubwa na namba zake zinazopanda. Sina ushahidi kwamba lile nalo lilikuwa la uongo, lakini sikuwahi kuliuliza tatizo hata moja kati ya yale elfu linaitwa nani.

Hata iliyo safi ina hatari yake. CCleaner, pengine ndiyo maarufu kuliko zote, mwaka 2017 wahalifu waliingia kwa watengenezaji wake wakatia msimbo mbaya ndani ya toleo halisi, na watu zaidi ya milioni mbili wakalipakua wakidhani wanasafisha. Programu ya namna hii unaipa funguo za nyumba nzima. Ni vyema ufikiri mara mbili unampa nani.

Basi ile laptopu tuliiponyesha vipi? Niliichukua kwenye daladala mpaka mjini kwa fundi mmoja kijana. Kabla hajafanya lolote aliifungua kifuniko cha nyuma akanionesha feni. Vumbi limeganda kama sufi, na juu yake weupe wa chumvi. Nyumba ya Bi mkubwa iko karibu na bahari. "Ami, feni hii haijapumua miaka," akasema. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na hakuna programu itakayofagia vumbi. Akaisafisha kwa brashi.

Kisha akatoa ile diski inayozunguka akaweka ya SSD ya GB 240. Hiyo haina sahani wala kijimkono, haizunguki, ghala limesogezwa nyuma ya meza. Kabla ya hapo alinakili kila kitu kutoka ya zamani, na mimi nilisimama juu ya kichwa chake mpaka nikayaona mafaili yote yamehama. Diski shilingi 65,000, kazi yake 15,000. Niliilipa kazi mimi, Bi mkubwa alinunua diski. Alitaka kulipa yote, tukabishana, nikashinda kwa shida.

Tulipoiwasha mlangoni kwa Bi mkubwa nilikuwa na saa mkononi. Daftari lilifunguka kabla dakika moja haijatimia. Alidhani nimemletea kompyuta nyengine.

Hesabu yake ni nyepesi. Shilingi 75,000 ya programu ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwaka wa pili waliikata tena kwenye kadi bila kuuliza. Bahati kadi haikuwa na salio. Shilingi 80,000 ya diski na fundi imelipwa mara moja. Mtu mwenye nafasi ya kuongeza RAM kutoka GB 4 kwenda 8 aongeze, hasa akifungua brauza na Excel kwa pamoja, lakini kama pesa ni ya kitu kimoja, anzeni na diski.

Si kila mashine ni hiyo. Zipo laptopu ndogo za bei rahisi zenye nafasi ya GB 32 tu iliyogandishwa ndani, haibadiliki. Zile zikijaa hushindwa hata kupokea sasisho, na kwao kusafisha kunasaidia kweli. Tumieni sehemu ya Storage iliyomo kwenye mipangilio ya Windows, na msome kila tiki kabla ya kubofya. Hata kisafishaji cha Windows chenyewe kuna wakati kiliwekewa Downloads kwenye orodha yake. Na kama mashine yako tayari ina SSD, RAM ya kutosha, na bado imekuwa nzito ghafla, ikague virusi kwanza kwa Defender iliyomo ndani ya Windows; hiyo nayo ni bure.

Jambo jengine msilipuuze: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za mitumba ya Dubai ni kongwe mno kwa Windows 11. Kabla ya kuitilia pesa ya diski, mwulize fundi kama itakubali kupanda. Ya Bi mkubwa haikubali. Tumekubaliana aitumie kwa daftari la mwani, na mambo ya benki na barua pepe ayafanye kwenye simu.

Faili lake sasa liko kwenye folda ya Documents, na kila Ijumaa mjukuu analinakili kwenye flashi inayokaa kabatini pamoja na hati za shamba. Daftari la karatasi nalo limerudi, linaandikwa kila siku ya mizani, umeme uwepo usiwepo.

Wale watatu mlioniuliza, njooni Jumamosi baada ya adhuhuri hapo ofisini. Leteni chaja na flashi tupu, kwa sababu jambo la kwanza tutakalofanya ni kunakili mafaili yenu. Tutapima kwa saa. Anayetaka kuleta na jani la tungule lenye madoa alete pia.